Mwizi wa Foleni

Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 2025 huko Marekani, redio na magazeti yetu yalijaa maprofesa. Waliyosema yalikuwa kweli: alizaliwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1938; aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani; aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza akakirudia Kikuyu cha mama yake. Nilisikiliza siku kadhaa nikingoja mmoja wao aseme kwamba yule mzee alikuwa mcheshi. Hakuna aliyesema. Walimsifu kwa sauti ya matangani, na haki yao, maana yalikuwa matanga. Lakini mimi nilimjua kwa kicheko kwanza, tena kicheko cha namna mbaya, kile kinachomkatikia mtu mdomoni anapogundua kwamba anayechekwa ni yeye.

Hiyo ilikuwa Nakuru, 1980. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikunipeleka kidato cha tano, nikatumwa kwa shangazi, dada yake baba, nimsaidie katika hoteli yake nyuma ya steji ya matatu. Meza nne, kuta za mabati, jiko la kuni uani. Asubuhi tuliuza chai na mandazi, mchana githeri, au maharagwe na chapati, na jioni chai ya mwisho kwa watu waliotoka kazini ambao hawakuwa na haraka ya kufika nyumbani. Redio ya shangazi ndiyo iliyowaweka. Taarifa ya habari ikiisha, walikwenda zao.

Kitabu kililetwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akila kwetu kwa daftari na kulipa mwisho wa mwezi. Kiliitwa Caitaani Mũtharabainĩ. Heinemann walikuwa wamekitoa Nairobi Aprili ile, mwalimu akakinunua, akakimaliza upesi, akashindwa kukaa nacho peke yake. Shida ni kwamba aliogopa. Mwandishi alikuwa ametoka jela ya Kamiti Desemba 1978, baada ya karibu mwaka mzima ndani kwa ajili ya tamthilia iliyochezwa na wakulima na wafanyakazi wa kijijini kwake, na ingawa kitabu kiliuzwa waziwazi madukani, mtu anayelishwa na mshahara wa serikali hakupenda kuonekana nacho. "Mimi nikikisoma nitaulizwa," alimwambia shangazi. "Huyu msichana akikisoma, anafanya mazoezi ya kusoma."

Shangazi alikuwa mtu wa kanisa. Kikuyu cha kuchapwa alikijua kwenye Biblia na kitabu cha nyimbo, na jina lililomweka Shetani msalabani lilimchukiza kabla hata hajasikia neno moja la ndani. Akasema nisome kidogo, yeye atasikiliza akiosha vikombe. Nikasoma ile ndoto ya Warĩĩnga, msichana wa kitabuni: umati wa watu wenye matambara wanamsukuma Shetani hadi msalabani, wanamtundika, na siku ya tatu wanakuja watu wa suti na tai, wanamshusha. Shangazi aliacha vikombe.

"Suti na tai," alisema. "Hao nawajua. Endelea."

Tangu hapo tukawa tunasoma baada ya taarifa ya habari. Haikuwa kila jioni, maana kulikuwa na jioni za ibada, na jioni nyingine mafuta ya taa hayakuwepo. Karabai ilikula mafuta. Shangazi akatoa amri kwamba anayetaka kusikiliza achangie, na senti zikawa zinatiwa kwenye mkebe wa Blue Band juu ya kaunta. Kazi ya kuipiga pampu ile karabai alipewa fundi viatu aliyekaa kibarazani kwetu mchana kutwa, naye hakuchelewa kujua thamani ya cheo chake. Mambo yalipokolea, mwanga ulianza kufifia na kuwa mwekundu, na fundi amekunja mikono, anatazama dari, anangoja kuombwa.

Miaka mingi baadaye nilikuta Ngũgĩ mwenyewe, katika Decolonising the Mind ya 1986, ameeleza jinsi kitabu hicho kilivyosomwa: majumbani jioni, kazini wakati wa chakula cha mchana, ndani ya mabasi, na kwenye mabaa ambako msomaji akifika penye utamu na kuona glasi yake tupu hukiweka kitabu chini mpaka anunuliwe bia nyingine. Nilicheka peke yangu. Kwetu bia isingeingia, shangazi yupo. Kwetu aliyetuweka rehani ni mwenye pampu. Ngũgĩ anaeleza pia kwamba wachapishaji walianza na nakala 5,000 wakidhani zitakaa miaka, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamechapa 15,000. Hesabu hiyo ni ya walionunua. Nakala yetu ilikuwa moja, na siku za mwisho watu walisimama nje ya dirisha.

Wasikilizaji wengi walijua Kikuyu, lakini Nakuru ni mji wa kila mtu. Mzee mmoja wa reli, mtu wa Maseno, alikuwa hakijui zaidi ya salamu. Fundi viatu alikuwa wa kutoka Kakamega. Vijana wawili wa kiwandani walikisikia nusu nusu. Basi nilisoma kipande kwa Kikuyu, nikakiweka kitabu mapajani, nikasimulia kipande hicho hicho kwa Kiswahili, halafu nikaendelea. Kwa hiyo kicheko kilikuja mara mbili. Cha kwanza kilikuwa cha ghafla. Cha pili kilikuwa na mashahidi, kwa sababu waliokwisha kucheka walikuwa wamegeuza viti kuwatazama wenzao, wakingoja wafike pale walipofika wao. Fundi viatu hakuwa na subira hiyo. Alicheka na kundi la kwanza bila kuelewa kitu, kisha akacheka upya baada ya kuambiwa alichokuwa akichekea.

Kwa asiyekijua kitabu, kisa ni hiki. Warĩĩnga amefukuzwa kazi Nairobi kwa kumkatalia bosi wake, mpenzi wake amemwacha, mwenye nyumba amemtupia vitu nje. Anapanda matatu kwenda kwao Ilmorog, na ndani ya gari hilo wasafiri wanajuana kuwa wote wanaelekea, kwa sababu mbalimbali, kwenye mashindano yatakayofanyika pangoni: kuchagua mabingwa saba wa wizi na unyang'anyi wa kisasa, mbele ya wageni wa heshima kutoka Marekani, Uingereza, Ujapani na kwingineko. Kila mshindani anapanda jukwaani na kujisifu. Anataja jina, mali, magari, wake na mahawara, kisha anaeleza alivyoiba na atakavyoiba kesho. Basi. Kitabu kizima kinasimama juu ya hotuba hizo.

Kati ya wasikilizaji, dereva mmoja wa matatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukipenda. Gari la kitabuni linaitwa Matata Matamu, Ford kuukuu, na mwenyewe Mwaura analisifu kana kwamba limetoka kiwandani jana. Dereva wetu alitaka sifa hizo zirudiwe, akazibeba kichwani, na kwa wiki nzima manamba wake aliwaitia abiria kwa maneno ya Ngũgĩ bila kujua ni ya Ngũgĩ. Kisha tukafika mahali ambapo Mwaura anajulikana kuwa ni mtu wa kutumwa na matajiri kuua kwa malipo. Dereva alikunywa chai yake taratibu. Manamba hakuyaita tena yale maneno.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo maprofesa hawalisemi. Kila mmoja wetu alikuwa na mwizi wake wa kumcheka na mwizi wake wa kumnyamazia, na wawili hao hawakuwa mmoja.

Mwenye ploti alikuwa mtu mnene, mwema kwa salamu, aliyemiliki safu mbili za vyumba vya mabati upande wa pili wa reli. Alikuja kusikiliza habari akanaswa. Usiku wa Gĩtutu wa Gataangũrũ alikuwa mbele kabisa. Gĩtutu ana kitambi cha ajabu. Ametajirika kwa kununua mashamba ya walowezi kwa mkopo na kuyauza vipande vipande, na sasa anaona vipande hivyo ni vikubwa mno. Mpango wake wa kesho ni kuuza udongo kwenye mikebe, mkulima apande mbegu zake humo, na baada ya udongo, kufungasha hewa. Mwenye ploti alicheka hadi chai ikamtokea puani. Alimpiga mgongoni mtu aliyekaa jirani, akasema hewa, hewa, wamefika kwenye hewa! Vijana wa kiwandani, waliokuwa wapangaji wake, walimtazama kwa makini kidogo.

Jioni mbili tatu baadaye akapanda jukwaani Kĩhaahu wa Gatheeca. Huyu ni mwembamba, mrefu, na ana mpango wa nyumba. Wafanyakazi hawana pa kukaa, anasema, basi atawajengea viota, vidogo hivi, vya kukodishwa, mtu aingize kichwa alale. Niliposoma Kikuyu, kicheko kilianza nyuma kikasimama katikati ya chumba. Mwenye ploti alikuwa anatafuta kofia yake, na kofia ilikuwa kichwani. Nikasimulia kwa Kiswahili, na kundi la pili halikucheka kabisa, lilimgeukia. Kesho yake hakuja. Alirudi baadaye, akawa anakaa karibu na mlango, na ninamheshimu kwa kurudi. Ila fundi viatu hakumsamehe: kila alipomwona kwa mbali amekuja kukusanya kodi, alipiga mluzi wa ndege.

Msidhani mwalimu alipona. Kĩhaahu huyo huyo, kabla ya viota, anaeleza alivyofungua shule ya watoto wadogo ikakosa wanafunzi mpaka alipoweka masanamu ya watoto wa Kizungu yaonekane kwa nje. Wazazi matajiri wakamiminika. Mwalimu, ambaye kwa kawaida alicheka kabla yangu kwa kuwa alikwisha kusoma, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mwanawe alikuwa ameingizwa muhula huo katika shule ya Kiingereza kitupu. Shangazi alijua, kwa sababu daftari la deni lilikuwa limerefuka kwa sababu hiyo hiyo. Hakusema neno. Alimwongezea chai.

Na mimi nilikuwa na ukurasa wangu. Warĩĩnga alisoma Nakuru. Alipokuwa msichana wa shule alinaswa na mzee tajiri wa Ngorika, mwenye gari, mwenye zawadi, na alipopata mimba mzee akamkana. Msichana akaenda kujitupa relini. Nakuru ile, kila msichana aliyevaa sare alilijua gari la namna hiyo, na mahali lilipoegeshwa saa kumi jioni. Nilisoma sehemu hiyo haraka haraka bila kuinua macho. Kwa Kiswahili niliifupisha. Hakuna aliyecheka, na wala haikuandikwa ichekwe. Mzee wa reli ndiye aliyevunja kimya. Hakuuliza habari za mapenzi. Aliuliza ni kivuko kipi, upande wa stesheni au upande wa mjini, na treni ilikuwa inapanda au inashuka. Nikamwambia kitabu hakikueleza hivyo. Akasema dereva wa treni hasahau jambo la namna hiyo, hata akifanikiwa kusimamisha, haachi kuliona. Kesho yake alipofika kunywa chai ya asubuhi, kabla ya kuagiza, aliniuliza kama yule msichana amepona.

Leo mpwa wangu yuko kwenye kikundi cha kusoma huko Nairobi. Wanakutana mkahawani mara moja kwa mwezi, kila mtu na nakala yake, na juzi walisoma kitabu hiki kwa Kiingereza. Akaniambia wengi walikiona kimezidi: majina marefu, vitambi vikubwa, wezi wanaokiri waziwazi, nani hufanya hivyo? Sikubishana naye sana. Ukisoma peke yako kitandani, pango lile linaweza kuchosha, na ziko hotuba ambazo hata mimi ningezikata. Lakini kilitungwa na mtu aliyefungiwa peke yake, kikaandikwa kwenye karatasi ya choo ya Kamiti, na nadhani ndiyo maana kina njaa ya watu hivyo. Kinataka chumba kilichojaa.

Habari hiyo ya karatasi ya choo ilitufikia mwaka 1981, Ngũgĩ alipotoa kumbukumbu zake za kizuizini. Ilisemekana ilikuwa ngumu, ya kuparuza, mbaya kwa kazi yake, nzuri kwa kalamu. Askari waliikamata miswada, baadaye ikarudishwa. Mwalimu alitusimulia hayo kwa machozi karibu kumtoka. Fundi viatu akauliza, "Kwani jela wanapewa karatasi ya choo?" Sisi tulitumia magazeti.

Kuna usiku mmoja ambao sikusoma mimi. Mchana nilikuwa na desturi ya kupitia kipande cha jioni, na nikakuta hotuba ya Nditika wa Ngũũnji, mtu wa magendo. Yeye anaona ni dhuluma tajiri na maskini kuwa na viungo sawa. Anataka wenye mali wauziwe vya ziada: midomo miwili, matumbo mawili, mioyo miwili, na vile vingine, viwili pia. Mkewe aliposikia alifurahi, akasema basi naye atakuwa navyo viwili. Nditika akampiga kofi.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane na wasikilizaji walikuwa rika la baba yangu. Nikampelekea mwalimu, akasema hapana, hapana kabisa. Wengine waliojua kusoma wakakumbuka ghafla kwamba hawana miwani. Shangazi akanyoosha mkono. Alikuwa amesoma misheni hadi darasa la nne, na Kikuyu chake cha kusoma kilikuwa cha kanisani: silabi moja baada ya nyingine, kwa sauti ya juu, kidole kikifuata mstari, na kituo kirefu kwenye kila nukta. Kwa sauti hiyo alisoma viungo vyote, kimoja kimoja, bila kuruka hata kimoja. Sijawahi kuona watu wakiteseka vile. Hawakuthubutu kucheka, na hawakuweza kutocheka. Mmoja wa vijana wa kiwandani aliingia chini ya meza. Alipofika kwenye kofi, wanaume wakalipuka.

Shangazi akafunga kitabu, kidole chake kimebaki ndani.

"Nani amecheka hapo?"

Kimya.

"Kwenye tumbo mlicheka, sawa. Kwenye mdomo, sawa. Nauliza, kwenye kofi amecheka nani?"

Karabai ilikuwa inafifia, na safari hii fundi viatu aliipiga pampu bila kuombwa. Mama mmoja aliyeuza sukuma wiki pale steji, ambaye miezi yote alikaa pembeni bila kuchangia neno, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo mke angeomba mikono minne." Hapo wanawake ndio waliocheka, na wanaume wakangoja kicheko hicho kiishe. Kusoma kukaishia hapo jioni ile, na kipande hicho hakikusimuliwa kwa Kiswahili. Shangazi alisema yaliyosemwa yametosha. Mzee wa reli alibaki akiuliza kila mtu kumetokea nini.

Mwaka ule unga ulipotea madukani. Watu walipanga foleni tangu alfajiri kwa habari za uvumi tu kwamba lori limeonekana. Hoteli yetu ilikaa siku bila chapati, na jioni kazi ya kitabu ilikuwa ngumu kwa sababu waliokuja walikuja na hasira. Ndani ya pango la Ilmorog tulikuwa tumefika kwa Kĩmeendeeri wa Kanyuanjii, ambaye anataka shamba la kuwakamua wafanyakazi jasho, damu na ubongo kwa mashine, mazao yasafirishwe ng'ambo kwa mabomba. Nilisoma, nikasimulia, na vijana wa kiwandani wakasema hiyo si hadithi, ni zamu ya usiku. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuendelea.

Ndipo fundi viatu akasimama na kusema kuna mwizi mwingine mimi nimemruka.

Akapanda juu ya benchi, akatoa kitambi kama walivyofanya wa kitabuni, akajitaja jina refu lisilotamkika, akataja wake na magari. "Mimi," akasema kwa Kiswahili, "siibi unga. Unga ni kazi ya wezi wadogo. Mimi naiba mahali unaposimama." Ameandikisha foleni zote za Jamhuri kwa jina lake: ya unga, ya sukari, ya hospitali, ya kipande kwa chifu. Anayetaka kusimama atanunua nafasi; asiye na uwezo atakodishiwa ya mguu mmoja. Hayo ni ya leo. Mpango wa kesho ni kuwauzia nafasi ambao hawajazaliwa, kila mama aje kliniki na risiti ya mwanawe. Na ipo foleni ya makaburini, ghali kuliko zote. Asiye na risiti yake haruhusiwi kufa.

Hicho ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyosikia katika hoteli ile, na kilikuja mara moja tu, kwa watu wote. Mwalimu alipiga kelele kwamba hayo hayamo, hayamo kitabuni. Alinyamazishwa. Wageni wa ng'ambo walimpigia makofi mwizi wa foleni, mwenye ploti akijitolea kuwa Mmarekani. Tangu siku hiyo mwizi wa foleni alihesabiwa pamoja na wezi wengine. Watu walipobishana nani angestahili taji, nusu ya kura zilikuwa zake.

Mwisho wa kitabu uligombanisha watu kwa siku nyingi. Warĩĩnga amekuwa fundi wa magari, amechumbiwa na Gatuĩria, mtunzi wa muziki, na anapopelekwa kwa wakwe anakuta baba mkwe ndiye yule mzee wa Ngorika. Anampiga risasi. Mwalimu alisema ni ishara. Dereva alitaka kujua bastola ina risasi ngapi. Kwa shangazi, mwenye makosa ni Gatuĩria, aliyebaki amesimama hajui amfuate mchumba au azike baba. "Muziki umemharibu," alisema, na hapo hakuna aliyembishia. Tulipomaliza, tulianza upya tangu ukurasa wa kwanza, kwa kuwa kulikuwa na watu wapya dirishani.

Kisha nyakati zikageuka. Machi 1982 polisi waliubomoa ule ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao. Juni nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Ngũgĩ alikuwa London na hakurudi. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa anga wakajaribu mapinduzi, na baada ya hapo hata kikao cha watu sita kilikuwa na maelezo ya kutoa. Mwalimu akapata uhamisho, kitabu akatuachia. Nadhani alifurahi kukiacha. Shangazi hakukichoma. Alikivika jalada la gazeti kama vitabu vya shule, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa misheni HESABU, akakiweka pamoja na daftari za madeni, mahali ambapo, alisema, hakuna mwanamume wa Nakuru atakayetaka kupekua.

Mzee wa reli naye alikuwa amehamishwa, akapotea miezi. Alirudi mwanzoni mwa 1983, asubuhi, hoteli ikiwa tupu, na kabla hajaketi akatoa mfukoni mwa koti kitu kilichofungwa gazetini. Shetani Msalabani. Tafsiri ya Kiswahili ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia na alikuwa ameisoma yote, peke yake, polepole, kwa miwani mipya. Kwanza alinikaripia kwa habari za Nditika. Alikuwa ameyakuta mwenyewe, viungo vyote na kofi, na hakuona sababu ya mtu mzima kufichwa. Kisha akashusha sauti.

"Wamemtoa," alisema.

"Nani, mzee?"

"Mwizi wa foleni."

Nilimweleza. Nilimwambia yule alikuwa wa fundi viatu, hakuwahi kuwemo, si kwa Kikuyu si kwa Kiswahili. Alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyefundishwa la kusema. Akasema alimsikia kwa masikio yake, hapa hapa, mimi nikiwa na kitabu mkononi. Akanionyesha alivyohesabu kurasa, alivyokagua uzi wa mshono kuona kama kuna karatasi iliyong'olewa. Haikuonekana, na kwake huo ndio ushahidi wenyewe: wamechapa upya wakaruka.

Nikamgeukia shangazi aniokoe. Shangazi alikuwa anakanda unga wa mandazi.

"Mimi pia nilimsikia," alisema. "Watu waliovunja jumba zima washindwe na ukurasa mmoja?"

Basi tukamwita fundi viatu kutoka kibarazani aje aseme ukweli. Alikuja na kiatu mkononi. Alimtazama mzee wa reli, akatazama kitabu juu ya meza, akatazama mlango, akatazama barabara nje ya mlango. Akaapa kwa jina la mama yake kwamba mwizi huyo hajawahi kumsikia, kwamba hadithi hajui, na kwamba yeye, tangu ahamie Nakuru, hajawahi kuona foleni.